Simu inaonyesha nembo, inazima, inarudia: nimruhusu fundi aiflashi?

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi huko Muheza. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Nina simu ya Android, huu ni mwaka wa tatu naitumia. Kuanzia Ramadhani ikawa inazima yenyewe ikiwa bado na asilimia 35 au 40, hasa nikifungua kamera au nikipiga simu ya video. Nikiichomeka kwenye chaji inawaka na kusema ina asilimia ileile. Pia kila mara ilikuwa inaniambia nafasi imejaa. Jumamosi iliyopita ilizima nikirekodi harusi ya mdogo wangu, na tangu siku hiyo inaonyesha nembo ya kampuni, inatetemeka, inazima, inaanza tena, hivyo hivyo mpaka chaji iishe. Fundi wa hapa hakuifungua. Ameitazama tu akasema sistimu imekufa, ataiflashi kwa shilingi 20,000, ila vitu vyote vitafutika. Mle ndani mna picha na sauti za marehemu baba, na sikuwahi kuzihifadhi pengine. Nimruhusu?"

Marahaba mwalimu. Mungu amrehemu mzee.

Usimruhusu, bado. Inawezekana kabisa fundi wako amepatia, lakini hata kama amepatia, hiyo ni kazi ya kufanywa mwisho na yeye anataka kuanza nayo. Betri ukiibadilisha na tatizo likabaki, unarudisha ya zamani, hujapoteza kitu. Laini ukiitoa unairudisha. Batani ukiisafisha, imesafishika tu. Kuflashi kwa kufuta, yaani kuandika upya sistimu ya simu na kusafisha vitu vyako vyote, ndiko kusikorudi nyuma, na kwa simu za siku hizi nakuambia hakurudi kwelikweli. Nitaeleza sababu mbele.

Nasema haya nikiwa na doa langu mwenyewe. Mwaka 2016 dereva mmoja wa bodaboda aliniletea simu yenye ugonjwa kama wa kwako. Kijiwe kilikuwa kimejaa wateja, nikaiflashi bila hata kuivua kava. Ikamaliza, ikawaka nembo, ikazima, ikarudia vilevile. Ndipo nikaitazama vizuri: batani ya kuwashia ilikuwa imeshika, imejaa vumbi na oili ya pikipiki. Dakika 5 na pamba yenye spiriti, simu ikapona. Picha za mwanawe wa kwanza nilikuwa nimeshazifuta. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonikaa rohoni zaidi.

Sasa turudi kwenye barua yako, maana umeandika vizuri kuliko wateja wengi na nusu ya kazi umeshanifanyia.

Simu iliyozima ikiwa na asilimia 35, tena ukifungua kamera, kisha ukiichomeka inasema bado ina 35, hiyo haisemi "sistimu imekufa". Inasema betri imechoka. Fikiria tenki la maji juu ya nyumba ambalo bomba lake la kushukia limeziba kutu. Maji yamo, kipimo cha tenki hakidanganyi. Ukifungua bomba moja la jikoni yanatoka. Ukifungua na la bafuni kwa wakati mmoja, yanakatika yote. Betri ya litiamu ikizeeka ukinzani wake wa ndani hupanda. Ikiwa imetulia, volti zake zinaonekana nzuri tu, tuseme 3.8. Kamera ikiwaka, kioo kikiwa na mwanga mkali, prosesa, yaani ubongo wa simu, ikikimbia na mtandao ukivuta, umeme unaohitajika kwa mara moja ni mwingi, na volti zinaporomoka ghafla chini ya kiwango ambacho bodi, ile sahani ya ndani inayobeba chipu zote, inakubali. Bodi inajizima kujilinda. Mzigo ukiondoka, volti zinapanda tena, na ndiyo maana asilimia inarudi ileile. Wengi huona hiyo ni ajabu au ni kirusi. Ni kutu kwenye bomba.

Hata Apple walikutana na jambo hili. Mwanzoni mwa mwaka 2017 walitoa sasisho la iPhone lililopunguza kasi ya prosesa kwenye simu zenye betri zilizozeeka, ili zisizime ghafla. Hawakulieleza wazi mpaka Desemba ya mwaka huohuo, watu walipokwisha kugundua simu zao zimekuwa goigoi, na lawama zikawa kubwa. Lakini kiufundi walikuwa wanatibu ugonjwa huuhuu uliouandika wewe.

Na hapa ndipo kuna kiungo ambacho fundi wako amekiruka. Wakati simu inawaka ni miongoni mwa nyakati inazokula umeme mwingi kwa pupa. Prosesa huamka kwa kasi kubwa, memori inasomwa mfululizo, kioo kinawashwa, redio za mtandao zinaanza. Betri iliyokuwa inashindwa kubeba kamera mwezi wa Ramadhani, leo haiwezi kubeba hata kuwaka. Kwa hiyo unaiona nembo, inafika mahali pazito, inazima. Kwa kuwa volti zinapanda tena ikishazima, inajaribu upya. Mtazamaji anaona "imestaki kwenye nembo" na anasema sistimu.

Sijaiona simu yako, kwa hiyo siapi. Lakini ukiniambia niweke dau, dau langu la kwanza ni betri, la pili ni batani, la tatu ni memori iliyojaa mpaka pomoni. Sistimu iliyoharibika yenyewe naiweka ya nne, na bodi ya tano.

Kabla hujagusa kitu, toa laini uiweke kwenye simu nyingine, hata kitochi. Pesa zako za simu zipo kwenye hiyo laini, na hakuna sababu ya laini kulala kwenye droo ya fundi. Kama kuna memori kadi, itoe pia, kwa sababu kadi mbovu inaweza kuifanya simu isote wakati wa kuwaka. Ila kama siku moja ulikubali kadi "iungane" na memori ya ndani, usiiingize kwenye simu nyingine wala kuiformati. Simu yako peke yake ndiyo inayoweza kuisoma. Halafu vua kava.

Ilaze simu juu ya meza iliyo sawa, kioo kikitazama chini, uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, au ukaona mfuniko wa nyuma umeachia ufa pembeni, betri imevimba. Hapo simama. Usiichaji, usiibonyeze, ipeleke ivyo ilivyo ikatolewe. Samsung mwaka 2016 waliirudisha kiwandani Galaxy Note 7 yote na kuacha kuitengeneza kwa sababu ya betri zilizokuwa zikiwaka moto, na hizo zilikuwa mpya. Betri iliyovimba si kitu cha kulala nacho chini ya mto.

Kama haijavimba, ichomeke kwenye chaja nzima, ukutani. Usitumie kompyuta, sola wala powabenki, kwa sababu umeme wake mara nyingi ni mdogo na utatupotosha. Angalia kwanza tundu la chaji kwa tochi. Huwa nachomoa humo pamba ya mfukoni ya kutosha kutia utambi. Toa taratibu kwa kijiti cha mti, si sindano. Kisha iache saa nzima bila kuibonyeza. Betri iliyokauka kabisa huchajiwa kwanza kwa umeme wa matone, na kioo kinaweza kukaa cheusi dakika 15 au 30 kabla ya kuonyesha chochote. Watu hukata tamaa dakika ya 5.

Baada ya saa hiyo, ikiwa bado kwenye chaji, iwashe. Sasa nataka ufanye kazi moja ambayo hailipiwi na wala haihitaji vifaa: hesabu. Chukua saa yenye mshale wa sekunde, na kuanzia simu inapotetemeka mpaka inapozima, andika ni sekunde ngapi. Fanya hivyo mara 5 ikiwa kwenye chaji, halafu mara 5 ukiwa umechomoa.

Sekunde zikiwa zilezile kila mara, kwa mfano 10, 10, 11, 10, iwe kwenye chaji au la, mshukiwa ni batani. Simu nyingi zimetengenezwa ili ukishikilia batani ya kuwashia kwa sekunde kadhaa, kati ya 7 na 15 hivi kutegemea kampuni, ijizime na kuwaka upya kwa nguvu. Batani iliyozama au iliyobanwa na kava ni sawa na kidole kisichoachia: inaiwasha, inaizima, inaiwasha. Bonyeza hiyo batani ulinganishe na za sauti. Ikiwa haina ule mlio wake mdogo wa "tik", au imelala ndani kuliko mwanzo, umempata mwizi. Wakati mwingine kuibonyeza haraka haraka mara 20 kunaiachia, kwa muda wa kutosha kuokoa picha.

Sekunde zikiwa zinapishana, na hasa ikiwa kwenye chaji simu inafika mbali zaidi kuliko ukiichomoa, betri. Hapo sihitaji ushahidi mwingine.

Ama ikivuka nembo ya kwanza, ikafika kwenye ile michoro inayochezacheza, ikakaa hapo dakika nzima bila kuzima kioo, au michoro ikaanza upya bila simu kutetemeka, basi umeme unatosha na tatizo ni programu. Kwenye barua yako umesema inatetemeka kila mara, ndiyo maana siamini sana habari ya sistimu. Lakini hesabu, tusidhaniane.

Tuseme imekuwa programu. Bado hatujafika kwenye kuflashi. Ulisema simu ilikuwa inalia nafasi imejaa, na ilizima katikati ya kurekodi video, yaani wakati inaandika kwa kasi kwenye memori isiyokuwa na pa kuandikia. Android ikiwaka lazima iandike mafaili yake madogo madogo. Ikikosa hata pa kuyaweka, inajikwaa, inaanza upya. Simu iliyojaa hivyo haijafa. Imebanwa. Wakati mwingine ukiiacha kwenye chaji ikajaribu na kujaribu, inafika. Wakati mwingine inakubali kuwaka kwenye hali salama, ile isiyopakia programu ulizoziweka wewe. Kwa simu nyingi, nembo ikitokea unashikilia batani ya kupunguza sauti mpaka iwake, na utaona maandishi ya hali salama pembeni chini ya kioo. Hali salama haifuti kitu.

Programu moja tu, au hata picha moja, inaweza kuangusha simu nzima. Mwaka 2020 kulikuwa na picha ya ziwa na milima, nzuri kweli, iliyosambaa mitandaoni. Ukiiweka kuwa mandhari ya kioo kwenye baadhi ya simu za Android 10, simu inaanza kuzima na kuwaka bila kukoma. Haikuwa na kirusi. Ilikuwa na aina ya mpangilio wa rangi ambayo hesabu za Android zilishindwa kuibeba, namba ikavuka 255 ambayo ndiyo mwisho wake. Machi 2021 tena, programu za watu dunia nzima zikawa zinajifunga kila zikifunguliwa, kumbe tatizo ni kipande kimoja cha Google kiitwacho WebView, kinachoonyesha kurasa za mtandao ndani ya programu nyingine. Google wakakisasisha, ugonjwa ukaisha. Nakumbuka wiki ile. Waliokuwa na haraka walikuja vijiweni wakafutiwa simu, waliosubiri wakapona bure.

Kuna mahali pengine pa kuingia, panaitwa rikaveri, yaani orodha ya matengenezo inayofunguka bila Android yenyewe kuwaka. Zima simu, shikilia batani ya kuongeza sauti pamoja na ya kuwashia mpaka ibadilike. Samsung za karibuni hazikubali mpaka uwe umechomeka waya uliounganishwa na kompyuta. Tecno na Infinix nyingi zitakuonyesha roboti aliyelala na maandishi "No command". Usiogope, shikilia ya kuwashia kisha gusa ya kuongeza sauti mara moja, orodha itafunguka. Humo kuna mstari "Wipe cache partition". Huo haugusi picha, unafuta mafaili ya muda tu. Kwenye simu nyingi mpya haupo kabisa, na kama haupo, toka. Nakuonya kwa herufi kubwa za moyoni: mstari wa jirani yake ni "Wipe data/factory reset", na mishale unaisogeza kwa batani za sauti, bila kugusa kioo. Kidole kikiteleza umemaliza. Kama mkono unatetemeka, kama wangu unavyoanza siku hizi, acha, usiingie.

Vilevile kuna kioo ambacho Android hukileta yenyewe ikishajikwaa mara nyingi. Kinasema haiwezi kupakia mfumo, na huenda data zimeharibika, kisha kinakupa njia mbili: "Try again" na "Factory data reset". Chagua ya kwanza. Hata mara 10. Kile kioo kinaongea kama daktari lakini hakijui kama betri yako ni nzima.

Haya, sasa tuseme yote hayo hayajazaa, na fundi anasema lazima aflashi. Hapa kuna siri ambayo wengi kijiweni hatuisemi, kwa uvivu zaidi kuliko uovu: kuflashi si lazima kufute. Kuflashi ni kuandika upya mafaili ya kampuni, yaani Android yenyewe, na vitu vyako vinakaa chumba kingine. Kwenye Samsung kuna faili mbili, moja inaitwa CSC na nyingine HOME_CSC. Ya kwanza inasafisha chumba chako, ya pili inakiacha. Kwenye simu za prosesa ya MediaTek, ambazo ndizo nyingi za bei ya chini na ya kati hapa kwetu, programu tunayotumia ina "Download Only" na ina "Format All + Download". Hii ya pili ni kreni inayobomoa nyumba ili kubadilisha mlango, na mara nyingine inaondoka hata na IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, simu ikabaki haishiki mtandao. Kwa hiyo muulize fundi wako neno moja: utaiflashi kwa kuacha data au kwa kufuta? Akikujibu kwamba zote ni sawa, mshukuru, chukua simu yako uondoke.

Na ile ahadi ya "tutafuta, halafu tutarudisha picha kwa programu ya kompyuta"? Usiinunue. Zamani iliwezekana. Simu ikifutwa, picha zilikuwa bado zimelala mle kama maandishi ya chaki yaliyofutwa nusu, na programu iliweza kuyasoma. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, kila simu mpya inayotoka nayo inatakiwa iwe na usimbaji: kila kitu kinaandikwa kwa mafumbo, na ufunguo wa mafumbo hayo umefungwa ndani ya prosesa ya simu hiyohiyo. Ukifuta, ufunguo unatupwa. Kinachobaki ni takataka zisizosomeka, hata ukiipeleka Ulaya. Simu yako ina miaka mitatu, imo kwenye kundi hilo.

Jambo hilohilo lina upande wa pili unaokuhusu. Mtu akikuambia atang'oa chipu ya memori aisome kwenye mashine nyingine, hapana, chipu bila prosesa yake haina ufunguo. Njia ya picha za mzee ni moja: simu hiyohiyo, bodi hiyohiyo, iwake tena japo kwa nusu saa, na uifungue kwa namba au mchoro wako. Kila fundi utakayemkabidhi umwambie hivyo kabla hajashika bisibisi. "Sitaki simu ipone, nataka iwake." Kazi hizo mbili ni tofauti, na fundi mzuri atakuelewa papo hapo.

Ukimpata, nenda ukae naye. Usiiache simu ukarudi kesho. Mwambie aanze na betri, na asikubabaishe kwa kuipima na mita ikiwa imetulia tu, kwa sababu nimeshakueleza betri chovu ikitulia inasoma vizuri. Njia ya uhakika ni kufunga betri nyingine nzima ya modeli hiyo, au kuilisha bodi kwa pawa saplai, ile mashine ya mezani yenye namba zinazowaka. Anaiweka kwenye volti 4.2 hivi, anaunga mahali pa betri, na kabla hajabonyeza kitu namba ya ampea inatakiwa isome sifuri au karibu na sifuri. Ikisoma umeme unapita wakati simu imezimwa, kuna shoti kwenye bodi. Ikiwa sifuri, anabonyeza, na namba inapanda na kushuka, inachezacheza, hapo sistimu inapakia. Ikipanda kidogo ikaganda hapohapo, hadithi ni nyingine, na tutaijadili. Fundi asiye na mashine hiyo si lazima awe mbaya, lakini kwa simu yenye picha za marehemu, panda basi mpaka Tanga mjini ukamtafute mwenye nayo.

Betri mpya nayo ina mitego. Nyingi zilizoko sokoni zimeandikwa uwezo mkubwa kuliko ulio ndani. Kwa kazi ya kuokoa picha hilo halina neno, hata betri iliyotolewa kwenye simu iliyovunjika kioo inatosha. Ya kudumu utanunua baadaye.

Ikiwaka, usifurahi ukaanza kupokea salamu za WhatsApp. Usikubali sasisho lolote, usifute chochote, usiizime. Punguza mwanga wa kioo, washa hali ya ndegeni, iweke mahali penye ubaridi, uchomeke waya kwenye kompyuta na uchague kuhamisha mafaili. Vuta kwanza folda ya DCIM, ndiyo kamera. Kisha ingia Android, halafu media, halafu com.whatsapp, humo ndimo ziliko sauti na picha za WhatsApp, na watu wengi hulisahau hilo folda kwa sababu limejificha ndani ndani. Sauti za mzee kama alikuwa anakutumia kwa WhatsApp zimo humo, kwenye folda la Voice Notes, mafaili madogo madogo ya opus yaliyopangwa kwa wiki. Nakili yote kwanza, utachambua ukiwa umetulia. Intaneti usiitegemee kwa zoezi hili, bando litaisha na simu itachemka. Baadaye, ukishakuwa na nakala mkononi, ndipo uzipandishe kwenye akaunti ya Google, ambayo inakupa GB 15 bure.

Kama batani, betri na rikaveri zote zimegoma, tunaingia kwenye bodi, na huko sina maneno matamu. Chipu ya memori ina idadi ya mara za kuandikwa, na simu iliyokaa imejaa miezi mingi inaichosha mahali palepale. Inaweza pia kuwa solda, ile risasi iliyoyeyushwa kuishikiza chipu kwenye bodi, imepasuka. LG G4 ya mwaka 2015 iliugua hivyo, ikawa inazunguka kwenye nembo, na mwanzoni mwa 2016 LG wenyewe wakakiri kuwa kuna vipande visivyogusana sawasawa. Watu wakaanza kuziweka kwenye friji au kuzipasha moto ili ziwake dakika chache za kuvuta picha. Kuna waliofanikiwa. Sikushauri ujaribu nyumbani, maana kwenye joto la pwani simu iliyotoka frijini inatoka jasho ndani, na hapo umeongeza maji juu ya ugonjwa.

Kwa kuwa nimetaja maji: hukusema iliingia maji, lakini ukumbuke vizuri, harusini kuna jasho, soda na mvua. Kama iliingia, fundi aifungue na kuisafisha kwa alkoholi kabla ya kuipa umeme wowote. Na mchele uache kwa pilau. Apple mwaka 2024 waliandika wazi kwamba usiweke simu kwenye mchele, chembe zake zinaweza kuiharibu zaidi.

Wenye iPhone watakaosoma hapa wasidhani hayawahusu. Nanyi mnayo njia panda yenu: ikikwama kwenye tufaha na ukaiunganisha na kompyuta kwa hali ya rikaveri, itakuuliza "Update" au "Restore". Ya kwanza inaandika upya mfumo na kujaribu kuacha vitu vyako. Ya pili inafuta. Upakuaji ukizidi dakika 15 simu inatoka yenyewe kwenye hali hiyo. Subiri umalize, uirudishe, uchague tena "Update".

Mwalimu, usiku huu fanya hiyo kazi ya saa na sekunde, kwenye chaji na nje ya chaji, uniandikie namba zote 10 kama zilivyo, pamoja na modeli iliyoandikwa nyuma ya simu au kwenye boksi lake. Niambie pia kama batani ina "tik". Yule fundi mwambie tu bado unatafuta pesa.